Mafunzo ya unyanyasaji wa kingono kazini: mwalimu nyota tano, sera na simu yao nyota mbili

Naona wenzangu wengi wa mahoteli huku Pwani wanauliza kama hii huduma inafaa, ile ya kampuni inayokuja kazini kwenu na mwalimu, wanafanya semina, halafu wanawaachia sera ya unyanyasaji wa kingono iliyoandikwa tayari pamoja na namba ya simu ya kuripoti. Sisi tumeipata mwaka huu kwa hivyo naandika nilivyoona. Jina la kampuni siweki hapa, na wallahi sioni kama lina maana sana, nimeangalia vifurushi vya kampuni nyingine na vingi vimefanana, kwa hivyo yoyote mtakayochukua angalieni haya haya.

Mie niko hauskiping, hoteli ya ufuoni Mombasa, na wenzangu wamenichagua kuwa mwakilishi wao wa chama, KUDHEIHA, kile chama cha wafanyikazi kinachotusimamia sisi wa mahoteli. Aliyelipa ni mwajiri kwa hivyo bei sitaizungumzia. Kilichomfanya alipe ni kwamba Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, inasema mwajiri yeyote mwenye wafanyikazi 20 au zaidi lazima awe na taarifa ya sera kuhusu unyanyasaji wa kingono, na hoteli yetu imepita hiyo idadi kitambo.

Nianze na mwalimu maana yule dada anastahili sifa zake. Kwanza alifundisha kwa Kiswahili mwanzo mpaka mwisho. Nyinyi mliokaa semina za hoteli mnajua ilivyo, mtu anakuja na slaidi za kizungu, watu wa jikoni na wa landri wanakaa nyuma kimya wanasubiri chai. Huyu slaidi alizizima akavuta kiti akakaa katikati yetu. Pili alikataa kuchanganya mameneja na wafanyikazi kwenye kikao kimoja, alimwambia meneja wetu mbele yetu kabisa kwamba wao watapata kikao chao baadaye, na hapo ndipo watu walipofungua midomo. Kuna kina mama wamefanya kazi pale tangu mie niko shule, sijawahi kuwasikia wakisema neno mkutanoni, siku ile walisema.

Alichokifanya vizuri zaidi ni kuchukua maneno ya sheria na kuyaleta kwenye kazi yetu tunayoifanya. Sheria inaanza na mtu anayeomba ngono, waziwazi au kwa kuzungukazunguka, huku kuna ahadi ya kupendelewa au kitisho ndani yake. Akauliza, nani hapa anapanga shifti? Supavaiza. Nani anaamua ofu ya Idi na ya Krismasi? Supavaiza. Kibarua akimaliza miezi yake nani anasema huyu arudi huyu asirudi? Huyo huyo. Sasa akikwambia ukitaka ofu njoo jioni tuongee vizuri, na wewe unajua na yeye anajua ni kuongea gani, hilo liko ndani ya sheria hata kama hajakugusa na hata kama hajataja hilo neno. Halafu kuna lugha, ya kusema au ya kuandika, na kuna picha, na hapo wengi walishtuka maana kwenye grupu za WhatsApp za shifti zinapita video chafu kila siku na watu wamezichukulia ni mzaha wa kazini. Halafu kuna kushikwa na kusuguliwa, kule stoo ya mashuka na kwenye lifti ya wafanyikazi. Yote hayo kipimo chake ni kwamba wewe hukuyataka au yamekukera, na yanaharibu kazi yako au hata ile raha tu ya kufanya kazi. Hilo la raha ya kazi mie sikuwa nalijua, nilidhani mpaka ufukuzwe ndio uhesabiwe umeumizwa.

Na alisema jambo ambalo vijana wa baa walikuwa wanalingoja, kwamba sheria imeandika mfanyikazi, haijaandika mwanamke. Kijana mmoja akasema yaliyompata na bosi wake wa kike, hakuna aliyecheka, kwa sababu mwalimu alikuwa ameshatengeneza hali ya watu kutocheka. Kwa kazi hiyo peke yake ningempa nyota tano mara mbili.

Akatofautisha pia njia ya ofisi na njia ya polisi, kitu ambacho watu wanachanganya sana huku kwetu, yani mtu anadhani akishaandika barua HR, ofisi ya wafanyikazi, basi amemaliza au akienda stesheni basi kazini hawezi tena kulalamika. Njia ni mbili na unaweza kuzishika zote. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 23, inamkamata mtu mwenye mamlaka anayerudia kumtaka mtu kingono huku anajua au ana kila sababu ya kujua kwamba hatakiwi, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka mitatu au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Angalieni hilo neno kurudia, ndio maana alisisitiza sana kuandika kila tukio, tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo, alisema nini kwa maneno yake yale yale, na meseji usifute hata kama zinakutia kinyaa kuziona kwenye simu yako. Zitoe kwenye simu uzihifadhi kwingine, mtumie mtu unayemwamini, maana simu inaibwa na inaanguka baharini. Na kama ni kushikwa kwa nguvu au kubakwa, hapo hakuna cha kusubiri HR arudi kutoka likizo, ni hospitali kwanza kabla ya kuoga na kubadilisha nguo, halafu polisi. Laini ya 1195 ni ya bure, ya mambo ya dhuluma za kijinsia nchi nzima, alituandikisha sote kwenye simu zetu pale pale.

Alitaja Kericho pia. Februari 2023 BBC walitoa uchunguzi wao wa mashamba ya chai, zaidi ya wanawake 70 walisema wamedhulumiwa kingono na wasimamizi wao kwenye mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka na kampuni mbili kubwa za Uingereza, Unilever na James Finlay. Wengine walieleza walivyolazimishwa kulala na msimamizi ili wapate au wabaki na kazi ya kulisha watoto. Na kilichoniuma mie ni kwamba Unilever walikuwa wameshakumbwa na tuhuma kama hizo zaidi ya miaka kumi nyuma, wakatangaza kwamba hawatavumilia kabisa, wakaweka na mfumo wa kuripoti. Kwa hivyo sera ilikuwepo na njia ya kulalamika ilikuwepo, na bado yule mama wa shambani alikuwa peke yake na msimamizi wake. Nililibeba hilo kichwani nikaenda kuisoma sera yetu neno kwa neno, na sasa nakuja huko.

Sera yenyewe ilikuja imeshachapishwa, ina nembo ya hoteli yetu juu, imebaki sahihi tu. Sheria inasema mwajiri atoe sera baada ya kushauriana na wafanyikazi au wawakilishi wao. Baada ya kushauriana. Mie ndiye mwakilishi na sikuulizwa chochote, nilipewa nakala siku ya semina kama mgeni mwingine. Nilipouliza, mwakilishi wa kampuni, sio yule mwalimu, huyu ni mwingine wa mauzo, akasema hiyo ni sera ya kawaida wanayowapa wateja wote na imepitiwa na mawakili. Sawa, lakini mawakili hao hawajui kwamba landri yetu iko nyuma kabisa karibu na jenereta ambapo hata ukipiga kelele hakuna atakayesikia.

Halafu yote ni kizungu, na kizungu cha mahakamani. Sheria inamtaka mwajiri amfikishie sera kila mtu anayefanya kazi chini yake, sasa ukimpa mama wa kufua karatasi asiyoweza kuisoma umemfikishia nini? Nimewauliza na wenzangu wa hoteli za jirani, na wao ni hivyo hivyo, sera iko kwenye faili HR inangoja mkaguzi.

Sasa vipengele. Vingi viko sawa, maana ya unyanyasaji wameinukuu kama ilivyo kwenye sheria, wameandika kila mfanyikazi ana haki ya kazi isiyo na unyanyasaji, wameandika mwajiri atachukua hatua za nidhamu. Hayo ni ya lazima na wameyaweka. Tatizo linaanza kwenye namna ya kulalamika. Wameandika malalamiko yapelekwe kwa msimamizi wako wa karibu. Jamani! Mwalimu wao wenyewe ametoka kutufundisha asubuhi kwamba kwenye hoteli mwenye ofu na shifti na mkataba wako mkononi ni msimamizi wa karibu, halafu jioni karatasi yao inakwambia ukamshtakie huyo huyo. Ukishindwa hapo uende HR, na HR anaripoti kwa meneja mkuu, na kama mshtakiwa ni meneja mkuu karatasi imenyamaza, hakuna mtu wa nje, hakuna mjumbe wa bodi, hakuna chama.

Na kuna kipengele kimoja naomba kila mtu akitafute kwenye sera ya kazini kwake leo. Sheria inasema mwajiri hatatoa jina la mlalamikaji wala mazingira ya lalamiko kwa mtu yeyote, isipokuwa pale inapobidi kwa uchunguzi au kwa hatua za nidhamu. Yani siri hiyo ni mzigo wa mwajiri, imewekwa kumlinda aliyeumizwa. Kwenye ile sera wameigeuza, wameandika mlalamikaji haruhusiwi kuzungumzia lalamiko lake na mtu yeyote wakati uchunguzi unaendelea na akifanya hivyo ni kosa la nidhamu. Maanake msichana akija kwangu mie mwakilishi wake, au akamwambia mamake, au akaenda kwa wakili, tayari yeye ndiye mkosaji. Nilisoma nikahisi mwili unatetemeka. Sijui kama walifanya makusudi au ni kunakili tu kutoka mahali, lakini aliyeandika hivyo hakumfikiria kabisa yule msichana.

Chini yake kidogo kuna onyo kwamba malalamiko ya uongo yataadhibiwa, limewekwa kwa herufi nzito, ndio herufi nzito pekee kwenye karatasi nzima. Sheria ya Ajira kifungu cha 46 inasema kumlalamikia au kumshtaki mwajiri sio sababu halali ya kukufukuza, isipokuwa ionyeshwe kwamba lalamiko halikuwa la uwajibikaji na halikuwa na msingi. Ni kiwango kikubwa hicho. Kukosa shahidi hakufanyi lalamiko kuwa la uongo, mambo haya hufanyika mlango umefungwa na wenye kuyafanya wanachagua mahali. Ukimwekea mtu onyo kama lile kabla hata hujamwambia aende wapi, atakunja karatasi na kurudi kazini kwake kimya.

Sasa la wageni, na hili kwa watu wa mahoteli ndilo linalotukera kila wiki. Wewe unagonga, hauskiping, mtu anasema ingia, unaingia unamkuta amekaa kitandani bila nguo na anakuangalia usoni kuona utafanya nini. Au anakuwekea noti juu ya mto anakwambia funga mlango. Sera yao haina hata mstari mmoja kuhusu mgeni. Nilimuuliza mwalimu na alinijibu kwa ukweli, hakunizungusha. Akasema kifungu cha 6 kinamtaja mwajiri, mwakilishi wa mwajiri na mfanyikazi mwenzako, mteja hayumo kwenye hayo maneno. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa 2019 na kuanza kutumika 25 Juni 2021, ndio unaogusa hata vurugu na unyanyasaji unaotoka kwa watu wa nje kama wateja, na majirani zetu Uganda na Rwanda waliuridhia 2023. Lakini akaongeza kitu cha maana sana, kwamba sheria yetu inaruhusu mwajiri kuweka kwenye sera kipengele chochote kingine anachoona kinafaa, kwa hivyo hakuna kinachomzuia kuandika wageni. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamdai mwenye mahali pa kazi ahakikishe usalama, afya na ustawi wa kila anayefanya kazi pale. Basi kama inawezekana kwa nini kampuni inayouza sera kwa mahoteli haikuandika? Sisi tulikuwa na majibu yetu tayari, hatukuhitaji profesa: mlango ubaki wazi na troli mlangoni, mtu ana haki ya kutoka chumbani na kuacha kazi nusu bila kuandikiwa barua, chumba hicho kiende kwa watu wawili pamoja, na meneja wa zamu azungumze na mgeni mwenyewe asimtume mtoto wa risepsheni. Wangetuuliza tungewaandikia bure.

Simu ya kuripoti. Wazo ni zuri, inapokelewa na mtu wa nje asiyetujua. Nilipiga kujaribu, mchana, ikapokelewa haraka na kwa heshima, hapo hongera. Lakini swali la kwanza nililoulizwa lilikuwa namba yangu ya kazi. Kibarua hana namba ya kazi! Mwanafunzi wa atachi, aliyeletwa na chuo kujifunza kazi, hana namba ya kazi, na hao ndio wanaowindwa zaidi, msichana wa miaka ishirini anayehitaji fomu yake ya chuo isainiwe. Nikauliza ripoti inakwenda kwa nani, nikaambiwa kwa HR wa hoteli, bila jina lakini na idara na shifti. Idara nyingine kwetu ina watu wachache sana, ukisema landri, usiku, mwanamke, umeshamtaja. Na usiku wenyewe simu haipokelewi, inakwambia piga saa za kazi, wakati hoteli haina saa za kazi, wanaobaki usiku ndio wako peke yao na mlinzi na meneja wa zamu. Bango lenye namba limebandikwa kwenye ukumbi wa HR ambapo ukisimama kusoma kila mtu anakuona. Sisi tumelihamishia vyooni, vya wanawake na vya wanaume, nyuma ya mlango, mtu anasoma akiwa peke yake.

Kitu kingine ambacho semina ilikigusa juu juu na mie ningetaka kikae saa nzima ni yale yanayofuata baada ya lalamiko. Watu wanataka mshtakiwa afukuzwe kesho yake. Naelewa hasira, mie pia ninayo, lakini kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinampa mfanyikazi ambaye mwajiri anataka kumfukuza kwa makosa haki ya kuelezwa tuhuma kwa lugha anayoielewa na kusikizwa akiwa na mfanyikazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Meneja wa hoteli akiruka hatua hiyo ili aonekane mkali, yule mtu anakwenda Mahakama ya Ajira na Leba anadai amefukuzwa bila utaratibu, na mahakama inaweza kumpa fidia ya mpaka mishahara ya miezi 12. Halafu anarudi mtaani anasema nilishinda kesi, na msichana aliyemshtaki anaonekana mwongo mbele ya watu wote. Kwa hivyo utaratibu mzuri unamlinda mlalamikaji pia. Na kwa upande wetu wa chama, tumekubaliana mtu mmoja asiwakilishe pande zote mbili, mie nikiwa na mlalamikaji basi mwenzangu mwingine anakaa na mshtakiwa.

Na anayefukuzwa kwa sababu amelalamika ajue muda wake. Kwa afisa wa leba ni ndani ya miezi mitatu tangu kufukuzwa. Mahakamani ni miaka mitatu, lakini usingoje, mashahidi huku kwetu ni watu wa msimu, msimu ukiisha mwingine yuko Malindi mwingine yuko Dubai na namba amebadilisha. Na wenye kazi ndogo, mgahawa wa watu saba, duka, nyumba, msidhani hamumo, ile idadi ya 20 ni ya kulazimisha sera iliyoandikwa, maana ya unyanyasaji haikuwekewa idadi ya wafanyikazi.

Baada ya semina tulikaa na mwajiri, na namshukuru alitusikiliza. Hatukusaini ile sera. Tuliirudisha na mambo tunayotaka: kipengele cha mlalamikaji kunyamaza kitoke kabisa, lalamiko liweze kupelekwa kwa mtu yeyote kati ya HR, mwakilishi wa chama au mkurugenzi mmoja asiyekaa hotelini, wageni waandikwe, vibarua na wanafunzi watajwe kwa jina, na kuwe na Kiswahili. Kampuni mwanzoni walitaka kulipwa zaidi kwa mabadiliko. Mwalimu ndiye aliyetutetea, nimesikia hivyo kutoka ofisini kwao. Kiswahili kimeshakuja na ni kizuri, kinasomeka, kipengele cha kunyamaza kimetoka. Cha wageni wameandika kimoja kifupi mno, tunakirudisha tena. Simu bado inauliza namba ya kazi.

Kwa hivyo kama mnataka semina peke yake, chukueni, na ombeni mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili na anayekubali kuwatenga mameneja. Kama wanawauzia na sera, mwajiri asilipe mpaka mwakilishi wenu ameisoma rasimu na kipengele cha siri mmekiona kwa macho yenu kinamfunga nani. Na hiyo simu ipigeni wenyewe saa nane usiku kabla hamjabandika bango. Yetu wakiirekebisha nitarudi kuongeza nyota.